Pembe Mlangoni, Fundi Chumbani

Ukimkuta dume wa tutamavi Heliocopris amelala chali chini ya taa ya kambi, jicho lako litaanzia kwenye pembe. Inachomoza kichwani, nene na imara, na juu ya kifua kuna kingo nyingine zilizochongoka zinazoikabili. Mwili ni mweusi, mzito, wa sentimita 5 hadi 6, na miguu inakwaruza hewa kwa nguvu usizozitarajia kwa mdudu. Watoto watamzunguka. Watu wazima watampiga picha. Kisha mtu atamgeuza kwa kijiti, mdudu atajikokota kwenda gizani, na habari yake itakuwa imeishia hapo, kwenye pembe.

Nimejizoeza kumtafuta jike. Jike wa jamaa hii hana pembe ya kutisha. Kichwani ana tuta fupi tu lililolala kwa upana, na akianguka chini ya taa hiyo hiyo watu humruka. Lakini kazi kubwa ya ukoo huu, kazi ambayo pembe ya dume ipo kwa ajili yake, inafanywa na jike, gizani, chini ya ardhi, mahali ambapo hata mtaalamu akitaka kuiona hana budi kuchimba na kuibomoa. Kazi yenyewe ni kuchukua kinyesi cha tembo, kukikanda, kukigawa, kukiumba madonge, kuweka yai moja katika kila donge na kulikandika donge hilo udongo mpaka liweze kustahimili kiangazi. Sijui kazi ya mikono miongoni mwa wadudu inayonivutia kuliko hii.

Watu wengi wakisikia tutamavi humfikiria yule anayebingirisha mpira wake kinyumenyume, kichwa chini, miguu ya nyuma juu. Huyo ana sifa zake, lakini ni wa kundi moja tu. Wengine huishi ndani ya kinyesi chenyewe na kuzaliana humo humo. Kundi la tatu ni la wachimbaji: hao hawapeleki mzigo popote, huchimba chini ya kinyesi kilipoangukia na kukishusha moja kwa moja ardhini. Heliocopris ni mchimbaji, na katika Afrika hii ndiye jitu la kundi hilo. Si ajabu kwamba pembe kubwa zimeshamiri kwa wachimbaji huku wabingirishaji wengi wakiwa hawana kitu kichwani. Anayebingirisha hugombana uwanjani, kwenye nafasi wazi, ambako mpinzani anaweza kuja kutoka upande wowote. Anayechimba ana njia moja nyembamba ya kuingilia, na njia nyembamba inalindika.

Mahali pazuri pa kumfahamu ni Tsavo Mashariki nchini Kenya, ndani ya hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1948, kwenye udongo mwekundu unaowapaka tembo rangi. Tembo mzima hutoa kinyesi zaidi ya kilo 100 kwa siku, na kwa kuwa tumbo lake husaga chini ya nusu ya anachokula, mabonge yale hujaa nyuzi za majani, vipande vya magome na mbegu. Ng'ombe hutoa uji; tembo hutoa malighafi yenye mwili. Ukilivunja bonge bichi kwa mkono utaona nyuzi ndefu zimelala huku na huku, na katikati yake unyevunyevu unaoshikamana. Kwa mtu anayejenga, nyuzi na unyevu ni neema.

Mwaka 1974 watafiti Anderson na Coe walichapisha matokeo ya kazi yao ya hapo hapo Tsavo. Kwenye kinyesi cha tembo cha kilo moja na nusu walihesabu tutamavi wapatao 16,000, na ndani ya saa mbili kinyesi chote kilikuwa kimekwisha, kimeliwa, kimezikwa, kimebingirishwa. Miaka mitatu baadaye Kingston na huyo huyo Coe wakaandika juu ya Heliocopris dilloni, jitu la Tsavo, wakimfuata kutoka juu ya bonge hadi chumbani. Yanafaa kukumbukwa mazingira ya utafiti ule: ukame wa 1970 na 1971 ulikuwa umeua tembo kwa maelfu katika hifadhi hiyo, na swali la mavi ya tembo huenda wapi, na udongo hupata nini kutokana nayo, halikuwa swali la anasa.

Msimu wake ni wa mvua. Wakati wa kiangazi tutamavi hawaonekani, na mchwa ndio wanaokwangua mabonge makavu kidogo kidogo kutoka chini. Hilo nalo Coe alilionyesha. Mvua ikishanyesha na ardhi kulainika, kazi hubadilisha mikono. Jua linapozama utasikia kwanza mvumo mnene, wa chini, unaopita kando ya sikio, kisha kishindo cha kitu kizito kilichoanguka kwenye nyasi. Heliocopris hatui kwa madaha. Hujibwaga, hukunja mabawa ya ndani chini ya yale magumu ya juu, halafu hutulia kidogo huku vipapasio vyake vimefunguka. Ncha ya kila kipapasio ina vijani vyembamba vilivyopangwa pamoja. Akivikunjua, eneo la kunusia huongezeka. Akishapata harufu, hana mashaka tena. Hutembea moja kwa moja hadi kwenye bonge na kujitosa chini yake.

Ukiwahi kumshika wakati huo, utahisi joto mkononi. Bartholomew na Heinrich, waliofanya vipimo vyao nchini Kenya na kuvichapisha mwaka 1978, walikuta kwamba tutamavi wakubwa wakiruka huwa na joto la zaidi ya nyuzi 40 kifuani, juu kuliko joto la mwili wa binadamu, hata hewa ya usiku iwe imepoa. Huanza kwa kuitetemesha misuli ya mabawa kabla hajapaa, mpaka injini ipate moto. Mwili mdogo ungepoteza joto hilo mara moja. Mwili mkubwa hulishikilia. Nalo lina faida yake hata baada ya kutua: mwenye misuli ya moto ana kasi, na kwenye kinyesi kinachokwisha kwa saa mbili, kasi ni nusu ya riziki.

Sasa mtazame akichimba, maana zana zake zinastahili kuangaliwa moja moja. Sehemu ya mbele ya kichwa ni bapa, ngumu, imetokeza kufunika mdomo. Hiyo huingizwa chini ya udongo na kuunyanyua. Miguu ya mbele ni mipana, na ukingo wake wa nje una meno makubwa yanayokwangua ardhi na kuisukuma pembeni. Miguu ya nyuma ni minene, imepanuka kuelekea chini, yenye vijiti vigumu vinavyojikita kwenye ukuta wa shimo ili mwili mzima usukume bila kuteleza. Wachimbaji hawa wana nguvu ambazo watu hawakuziamini mpaka zilipopimwa. Mwaka 2010 Robert Knell na Leigh Simmons walieleza jinsi walivyomfunga uzi ndugu yake mdogo, Onthophagus taurus, uzi ukapita kwenye kapi hadi kwenye kindoo kilichokuwa kikiongezwa maji, huku mdudu amejibana shimoni akikataa kuvutwa nje. Dume mwenye nguvu kuliko wote alihimili mzigo wa mara 1,141 ya uzito wake.

Hapo shimoni ndipo pembe ina maana. Dume hukaa kwenye njia, jike akiwa chini. Dume mwingine akiingia, hukutana naye uso kwa uso mahali ambapo hakuna nafasi ya kupishana. Hawatoboani. Husukumana. Pembe hufungamana na kingo za kifua cha mpinzani, miguu hujikita ukutani, na ugomvi huamuliwa na nani atarudishwa nyuma hadi nje. Aliyeshinda humiliki mlango, na kwa kumiliki mlango humfikia jike. Hiyo ndiyo kazi ya pembe. Haichimbi, haikandi, haichoti.

Tunayajua haya kwa undani hasa kupitia mdudu mdogo sana, Onthophagus acuminatus wa misitu ya Panama, asiyefikia hata sentimita moja. Douglas Emlen alimchunguza katika miaka ya 1990 kisiwani Barro Colorado. Kwa kuwa mambo yote hutukia ndani ya udongo, alitumia vioo vilivyosimamishwa sambamba na tabaka jembamba la udongo katikati, akawatazama kwa mwanga mwekundu ambao hauwasumbui. Aliyoyaona yanapendeza. Madume wakubwa wana pembe na hulinda mlango. Madume wadogo hawana pembe kabisa, na hawajaribu kusukumana na walio na pembe. Huchimba kijinjia chao pembeni, kimya kimya, hukata kuelekea njia kuu chini ya pale alipo mlinzi, humfikia jike, kisha hutoka walikopitia. Mlinzi yuko mlangoni, na nyumba imekwisha kuingiliwa.

Emlen alionyesha pia kwamba pembe hizo zina gharama. Mdudu akiwa ndani ya ngozi yake ya mwisho ya ubuu, kabla ya kuwa pupa, chembe hai zinazounda pembe huongezeka kwa kasi huku zimekunjamana mahali padogo. Akijivua ngozi, mkunjo hujaa na kusimama kwa muda mfupi. Vitu vinavyotumika hapo hukosekana kwingine. Spishi zenye pembe katikati ya kichwa hupungukiwa macho, zenye pembe mbele ya kichwa hupungukiwa vipapasio, na zenye pembe kifuani hupungukiwa mabawa. Hakuna kilichoongezwa bure.

Mbali na mashimo ya kinyesi, pembe zimechukua maumbo yanayolingana na mapigano yenyewe. Kule Japani, Trypoxylus dichotomus hugombania utomvu juu ya vigogo vya miti, na pembe yake yenye ncha za panda huingizwa chini ya mpinzani ili kumbandua. Dynastes hercules wa Amerika ya Kati na Kusini humbana mwenzake kati ya pembe mbili, humnyanyua na kumbwaga. Mwaka 2014 Erin McCullough na wenzake walionyesha kwamba hata mkato wa ndani wa pembe hufuata mtindo wa ugomvi: pale pembe inapokunjwa na nguvu zinazojulikana upande wake, ni upande huo iliko imara zaidi.

Wasomaji wa pwani watakuwa wamekwisha kumkumbuka mwenye pembe wao, chonga wa minazi, Oryctes monoceros. Naye ni wa ukoo huu mpana, na mkulima anayepanda mnazi na waya wenye ndoano ili kumvuta kutoka kwenye kilele ana haki ya kumchukia. Hutoboa chipukizi lililokunjwa usiku, na majani yakija kufunguka huwa yamekatwa umbo la kabari, kana kwamba mtu ameyapitisha mkasi. Mabuu yake hulelewa na vigogo vya minazi iliyooza na marundo ya mbolea. Lakini tazama tofauti: mama chonga huacha mayai yake kwenye uozo na kwenda zake. Hajengi. Pembe anayo, ufundi ninaouzungumzia hana.

Turudi chini, basi, zaidi ya pale alipo mlinzi.

Mtu aliyetufungulia macho kuhusu kazi ya chumbani ni Jean-Henri Fabre, Mfaransa aliyefariki mwaka 1915, aliyetumia sehemu kubwa ya uzee wake katika kijiji cha Sérignan kusini mwa Ufaransa akitazama wadudu. Hakuwa na Heliocopris. Alikuwa na ndugu yake wa huko, Copris hispanus, mweusi, mnene, naye mwenye pembe kichwani. Fabre alimweka mama kwenye chombo cha kioo, akakizungushia karatasi ngumu ili mdudu apate giza lake, kisha akawa akiinua karatasi hiyo kwa ghafla, akichungulia kabla mdudu hajasimamisha kazi. Kwa uvumilivu huo aliyaona ambayo wachimbuaji wa mashimo huyakuta yamekwisha tendeka.

Kwanza, mama haanzi na madonge. Huanza na rundo moja kubwa. Kinyesi huteremshwa kwa mafungu, fungu baada ya fungu, mpaka chumba kijae. Kisha mama hukikanda chote pamoja. Hupanda juu yake, hukishindilia, hukizunguka, hukisawazisha, na hukiacha kikae. Fabre alihesabu takriban wiki nzima ya kungoja huko. Mafundi wa udongo wanajua kwa nini: malighafi ikitulia hushikamana, unyevu hugawanyika sawasawa, na sehemu ngumu na laini huacha kuvutana. Hakuna dalili ya haraka. Kule Tsavo, juu ya ardhi, wenzake elfu kwa elfu walikuwa wakinyang'anyana kwa saa mbili; yeye, akishapata malighafi, ana wiki.

Kisha hukata. Kwa ukingo wa kichwa na meno ya miguu ya mbele hutenga kipande kutoka kwenye rundo, na kipande hicho hakibadiliki sana ukubwa baadaye. Hapa ndipo nilipo na mshangao usioisha. Donge linaloundwa ni la duara karibu kamili, na mama halibingirishi hata kidogo. Donge halisogei, yeye ndiye anayelizunguka. Hulipanda, hupapasa kwa miguu ya mbele, hubonyeza palipovimba, huongeza palipobonyea, hushuka upande wa pili, hupanda tena. Kazi hiyo huchukua siku nzima na zaidi kwa donge moja. Giza ni totoro na kipimo chake ni mguso peke yake.

Umbo la duara si pambo. Kati ya maumbo yote yanayobeba kiasi kile kile cha chakula, hilo ndilo lenye uso mdogo kabisa, na uso ndiko unyevu unakotorokea. Mtoto atakuwa humo kwa miezi, na chakula kikikauka atakufa njaa akiwa amezungukwa na riziki. Juu ya donge mama huacha kishimo, hutaga yai moja tu, kisha huvuta kingo kulifunika. Lakini pale juu kabisa hapashindiliwi. Hupaachia nyuzi zilizolegea, ili hewa ipite. Kwa hiyo kitu kimoja kina sehemu mbili za tabia tofauti, ukuta usiopitisha na kizibo kinachopitisha, na vyote vimetengenezwa kwa malighafi ile ile kwa kubadilisha tu nguvu za mguu. Spishi kadhaa zimeonekana pia kuacha ndani ya chumba cha yai kidonge kidogo cha kinyesi cha mama mwenyewe. Buu akianguliwa hukila kwanza, na kwa kukila hupokea vijidudu vya tumboni vitakavyomsaidia kusaga nyuzi. Mama mwenyewe hana meno ya kutafuna nyuzi hizo. Tutamavi wazima huchuja majimaji na chembechembe nyembamba kuliko unywele. Kwa maneno mengine humpikia mwanawe chakula asichoweza kukila yeye.

Heliocopris huongeza hatua ambayo kwangu ndiyo kilele cha kazi yote. Donge likishakuwa tayari, hulivika udongo. Aliyekulia kwenye nyumba ya udongo anaijua kazi hii kwa mwili: miti imesimamishwa, fito zimefungwa, udongo umekandwa kwa miguu na maji mpaka unatoa sauti, ndipo watu wanaukandika ukutani kwa viganja, tabaka la kwanza la kujaza, la pili la kusawazisha, na anayeharakisha huona nyufa baada ya wiki. Heliocopris hukandika kwa namna hiyo, ila yeye hukandika duara, kwa nje, pande zote, bila kulibana yai lililo ndani. Udongo wa kina kile una unyevu wake. Huusaga, huubandika, huupapasa mpaka uwe ganda nene la kuzunguka donge lote. Donge lililokamilika hufikia ukubwa wa ngumi ya mtu mzima na hata kuuzidi, na kina cha chumba kinaweza kuzidi mita moja. Likikauka huwa gumu ajabu. Nchini India madonge ya jamaa hii yaliyochimbuliwa yalidhaniwa kwanza kuwa risasi za mawe za mizinga ya kale, na ukiyashika utaelewa ni kwa nini.

Baada ya hapo mama wa Copris haondoki. Fabre alimkuta bado chumbani wiki baada ya wiki, akitoka donge hili kwenda lile, akisikiliza kwa miguu, bila kula chochote, tangu kutaga hadi wanawe kutoka. Ukungu ukianza juu ya donge huukwangua. Ufa ukitokea huuziba. Fabre alipotoboa donge makusudi, mama alilifunga. Mayai yake yalikuwa matatu au manne tu, idadi ya kushangaza kwa mdudu. Chonga na nzi hutaga makumi na mamia kwa sababu wanategemea bahati, naye ameweka yote kwenye matunzo.

Hata mtoto ni fundi. Buu wa tutamavi ni mweupe, amekunjika, ana nundu mgongoni, na nyuma yake pamekatika bapa. Tundu likitobolewa kwenye ukuta wake na hewa kavu kuanza kuingia, hugeuka, huweka sehemu hiyo bapa kwenye tundu, hutoa kinyesi laini na kukisawazisha hapo hapo kwa mkia. Kikikauka huwa kigumu. Hula nyumba yake kutoka ndani huku akiacha ukuta wa kutosha, na kinyesi chake hukila tena, maana vijidudu vimeendelea kukisaga. Akila ukuta kupita kiasi ataanguka nje na kufa. Hafanyi hivyo.

Na chakula hicho kina kikomo. Buu halishwi mara ya pili, hatoki kutafuta, hana pa kuomba. Atakuwa mkubwa kadiri donge linavyoruhusu. Emlen alipowapa mabuu wa Onthophagus chakula kingi au kidogo, aliona kwamba madume waliopata kingi walikuwa na pembe na waliopata kidogo wakakosa, bila kujali baba zao walikuwa nani. Mwaka 2012 yeye na wenzake walionyesha kwa Trypoxylus wa Japani kwamba pembe huisikiliza insulini ya mdudu, ile ishara ya mwili inayosema shibe iko kiasi gani, kuliko kiungo kingine chochote walichokipima. Kwa tutamavi, maana yake ni nzito: upana wa donge alilolikata mama gizani ndio utakaoamua kama mwanawe atasimama mlangoni na pembe au atachimba kijinjia cha pembeni. Mpiga picha aliyeinama juu ya dume chini ya taa anapiga picha ya kipimo cha mama yake.

Kutoka nje nako kuna masharti. Fabre aliyachukua madonge ya tutamavi mtakatifu wa Misri yenye wadudu waliokwisha kukomaa, mengine akayalowesha na mengine akayaacha makavu. Kwenye yaliyolowa, wadudu walivunja ganda na kutoka. Kwenye makavu walikwaruza mpaka wakafa. Mvua basi ni ufunguo. Huko Tsavo, mvua inayolainisha ganda ndiyo hiyo hiyo inayootesha majani, inayowapa tembo kinyesi chenye maji, na inayofanya ardhi ichimbike. Anayetoka wakati huo hukuta kila kitu tayari.

Wengi hawatoki. Nyegere ana pua inayofikia madonge yaliyozikwa, na makucha ya kuyafikia. Huchimbua, huvunja ganda na kula buu mnono aliyemo. Nguchiro nao hupekua mabonge juu ya ardhi, wakiwadaka wazazi kabla hawajazama. Hayo ni ya siku zote na ukoo umeyazoea. Lisilozoeleka ni kupungua kwa tembo, maana mdudu wa ukubwa huu haishi kwa kinyesi cha sungura. Pale ambapo ujangili ulifagia tembo katika miaka ya 1970 na 1980, malighafi ilifagiwa pia.

Nje ya hifadhi shida ni nyingine. Ndugu zake wadogo, wengi wao wenye pembe, wanaishi kwa kinyesi cha ng'ombe wetu. Waaustralia walilipa fedha na miaka mingi kuwapata: mtaalamu George Bornemissza alipoona malisho yao yamefunikwa na kinyesi kisichozikwa na nzi wanaozaliana humo, mradi wake ukaanza kuleta tutamavi kutoka Afrika na kwingineko, na mwaka 1968 Onthophagus gazella, wenye vipembe viwili, wakaachiwa huko Queensland. Sisi tunao bila kuagiza. Lakini dawa ya minyoo ya ivermectin, ng'ombe akichomwa, hutoka kwenye kinyesi chake, na mabuu waliomo hufa au hudumaa. Baadhi ya dawa za kumwagia mgongoni dhidi ya kupe na mbung'o huua tutamavi vilevile. Mfugaji hawezi kuacha mifugo yake iliwe na minyoo, wala hakuna anayemtaka aache. Anachoweza ni kutibu ng'ombe anayeumwa badala ya kundi zima, na kwa dawa ya aina hiyo, kuchagua kiangazi, wakati wachimbaji wako chini ndani ya maganda yao, badala ya wiki zile za mwanzo wa mvua ambapo kila jike aliye juu ya ardhi anatafuta bonge la kuanzia.